Si Alikunywa Mwenyewe?

Vyuo vikifunga mwezi wa Desemba, Malindi hujaa vijana. Matatu za kutoka Kilifi na mabasi ya usiku ya Nairobi yanawashusha na mabegi yao, na wiki haiishi hujawasikia: wamechanga kwa M-Pesa, wamekodi nyumba ya kitalii upande wa Casuarina, mizinga ya pombe kali imepangwa mezani, muziki mpaka adhana ya alfajiri. Sina ugomvi na hilo. Kwetu sisi Wagiriama mnazi niliukuta; nimeuona harusini na matangani, nimeona wazee wakiumwaga kidogo chini kabla ya kuunywa. Mahubiri ya ulevi tunayo ya kutosha, ya msikitini na ya kanisani, na hao vijana wameyahifadhi kunishinda mimi.

Ugomvi wangu ni na swali moja ambalo mji huu unalipenda mno. Kijana amezima. Ameletwa hospitali saa tisa za usiku amelazwa kiti cha nyuma cha tuktuk, matapishi yamemkaukia shingoni, kiatu kimoja hakipo. Mtu anamtazama, anauliza, "Si alikunywa mwenyewe?" Nimelisikia swali hilo kwa madereva, kwa wauguzi waliochoka, kwa majirani na, hapo ndipo panaponiuma, kwa wenzake waliokuwa wakimmiminia. Halitaki jibu. Likishaulizwa kila mtu amenawa mikono.

Likizo iliyopita lilinisumbua kuliko kawaida kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Yuko mwaka wa tatu, anasoma historia, na alikuja na insha ya kuandika: matokeo ya majaribio ya baridi yaliyofanywa na madaktari wa Kinazi yatumike au yatupwe? Alikuwa akiandikia sebuleni kwangu kwa sababu ya intaneti. Usiku yuko Casuarina na wenzake. Saa nne asubuhi yuko mezani kwangu, macho mekundu, jagi la maji pembeni, anasoma habari za Dachau, kambi ya wafungwa ya Wanazi huko Ujerumani. "Shangazi," akaniuliza, "hiyo ridhaa nyinyi mlikuwa mkiipimaje?" Aliniuliza mimi kwa kuwa kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu fomu za ridhaa za utafiti huko bara ya Kilifi, chini ya miembe, kwa Kigiriama, ukurasa baada ya ukurasa.

Tuanze na Dachau basi, maana ndiko alikokuwa amezama. Kuanzia Agosti 1942 hadi Mei 1943, daktari wa jeshi la anga, Sigmund Rascher, aliwatumbukiza wafungwa wapatao 300 katika matangi ya maji ya barafu, wengine uchi, wengine wamevikwa sare za rubani. Alitaka kujua rubani aliyeangukia bahari ya kaskazini atadumu muda gani, na akiopolewa apashwe joto vipi. Watu kati ya 80 na 90 walikufa. Kwa miaka mingi matokeo yale yalitajwa katika maandiko ya kitabibu kana kwamba yametoka maabara yoyote ile. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani, Robert Berger, aliyapitia upya akakuta hesabu hazilingani, hali za wafungwa hazikuandikwa inavyostahili, na mengine yana dalili za kubuniwa. Rascher mwenyewe alikwisha kukamatwa na wakubwa wake wa SS, jeshi la chama cha Nazi, kwa udanganyifu wa aina nyingi, akauawa hukohuko Dachau Aprili 1945.

Kijana wetu akafurahi. Takwimu ni mbovu, hoja imekwisha, insha imeandikika. Nikamwambia hilo ni jibu la mhasibu. Je, zingekuwa safi?

Akafunga laptopu, akaenda kulala.

Mimi jaribio lililonikaa kichwani si hilo la baridi. Mwaka 1944, hukohuko Dachau, wafungwa 44 Waroma, wale waliokuwa wakiitwa Wajipsi, walinyimwa maji ya kunywa wakapewa maji ya bahari. Wengine walipewa maji yaliyotiwa dawa ya kuficha ladha ya chumvi, chumvi yenyewe imebaki palepale. Jeshi lilitaka kujua askari aliyepotea baharini ataishi nayo kwa siku ngapi. Mtoto wa mvuvi wa Ngomeni angewajibu bure, bila kumfunga mtu. Mashahidi walieleza mahakamani, madaktari wale waliposhtakiwa baada ya vita, jinsi watu wale walivyolamba sakafu iliyotoka kupigwa deki, wakitafuta unyevu. Na utetezi ulisemaje? Kwamba walijitolea. Waliulizwa, wakakubali. Kilichobainika ni kwamba waliahidiwa kazi nyepesi ya usafi huko Dachau. Yaliyobaki waliyakuta mbele ya safari.

Si walikuja wenyewe?

Mmoja wao, Karl Höllenreiner, aliitwa kutoa ushahidi mwaka 1947. Akaombwa amwonyeshe daktari aliyesimamia jaribio lile, Wilhelm Beiglböck. Badala ya kunyoosha kidole alimrukia. Majaji wakamhukumu siku 90 jela kwa kuidharau mahakama. Beiglböck alipewa miaka 15, ikapunguzwa, na kufika 1951 alikuwa nje, akarudi kutibu watu. Kijana wetu alipofika hapo alinisomea kwa sauti mara mbili, kama mtu anayedhani amekosea kusoma.

Kesi hiyo ilifunguliwa Nuremberg tarehe 9 Desemba 1946. Washtakiwa walikuwa 23, na 20 kati yao walikuwa madaktari. Kumi na sita walipatikana na hatia, saba wakanyongwa mwaka 1948. Ndani ya hukumu majaji waliweka masharti kumi ya jaribio lolote juu ya binadamu, na ndiyo yanayoitwa Kanuni za Nuremberg. Ya kwanza kila mtu anaijua: ridhaa ya hiari ni lazima kabisa, bila nguvu, bila ulaghai, bila shinikizo.

Sasa hapa ndipo mimi na kijana tulipoanza kubishana. Yeye aliona sharti la kwanza ndilo kila kitu. Mimi nimezibeba fomu hizo mikononi, najua zinavyoweza kuwa karatasi tu. Wajerumani walikuwa nazo tayari: mwaka 1931, kabla Hitler hajashika serikali, wizara yao ya mambo ya ndani ilitoa mwongozo unaodai ridhaa kwa matibabu mapya na majaribio juu ya watu. Haukuwasaidia Waroma hata tone moja la maji. Na Wamarekani, waliokuwa wakiendesha kesi Nuremberg, kati ya 1946 na 1948 walikuwa na madaktari wao wa serikali huko Guatemala wakiwaambukiza kaswende na kisonono askari, wafungwa na wagonjwa wa akili. Watu wapatao 1,300 waliambukizwa au kuwekwa katika hali ya kuambukizwa. Baadhi ya askari walinyweshwa pombe kwanza, kisha wakaletewa makahaba walioambukizwa. Serikali ya Marekani iliomba radhi mwaka 2010.

Ile pombe ya Guatemala ndiyo iliyomtoa kijana wetu kitini. Alikuwa ameichukulia insha na sherehe zake kuwa vitu viwili visivyosalimiana.

Nimwache kidogo, nirudi bara.

Kazi ya fomu kule ilikuwa ngumu kwa sababu ya mumiani, wale wanaosemekana kunyonya watu damu. Mtu anayefika na gari jeupe akataka damu ya mtoto hapokelewi kwa ngoma. Kwa hiyo tulifundishwa kueleza polepole: utafiti ni wa nini, sindano ngapi, damu kiasi cha kijiko kipi, na kwamba mtu anaweza kukataa bila kunyimwa matibabu. Watu wengi waliitikia "ee, ee" mpaka mwisho. Wanaheshimu mgeni, wanataka umalize waende shambani. Hizo "ee" zilinitia wasiwasi kuliko wale walionifukuza.

Bibi mmoja, hawe, yaani nyanya, wa mtoto tuliyemtaka kwenye utafiti, hakuitikia. Alikuwa anakuna nazi. Alisikiliza, akakung'uta mbuzi ya nazi, akaniuliza, "Mwanangu, nikichoka katikati nikasema basi, mtatuacha?" Nikamwambia ndiyo, siku yoyote, bila sababu. Akakuna tena. Kisha, "Na nisipoweza kusema?"

Nilimjibu kuhusu daktari msimamizi, na kamati inayoangalia usalama na ina mamlaka ya kusimamisha utafiti wote. Akakubali kwa kichwa, akatia kidole gumba kwenye wino.

Yule bibi hakuwahi kusikia habari za Nuremberg, lakini maswali yake mawili ni sharti la tisa na la kumi. La tisa linasema mtu anayejaribiwa awe huru kulikatisha jaribio akiona hawezi tena. La kumi linasema mwanasayansi anayeongoza awe tayari kulisimamisha wakati wowote akiwa na sababu ya kuamini kwamba kuendelea kutaleta madhara, kilema au kifo. Kwa maoni yangu hayo mawili yana uzito kuliko la kwanza. Ridhaa hutolewa asubuhi, mtu akiwa mzima na ameshiba. Madhara huja jioni.

Kuna mfano wa vita hivyohivyo unaonisadikisha. Kuanzia Novemba 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kilifanya jaribio la njaa juu ya vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya imani zao. Hao walijitolea kweli, walieleweshwa, na walitaka kusaidia watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Kwa miezi sita walilishwa chini ya kiasi. Mmoja akajikata vidole vitatu kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kama ilikuwa ajali au makusudi. Cha kushangaza ni kwamba akiwa kitandani hospitali aliomba asiondolewe kwenye jaribio. Mtu aliyefika hapo, neno lake "niendelee" ni ridhaa ya nani?

Nikamgeukia kijana wetu. "Wewe ukifika glasi ya nane, mwenzio akikuuliza uko sawa, unajibu nini?"

"Niko sawa, shangazi."

"Na ukifika ya kumi na mbili?"

Akacheka. "Hapo najibu kwa Kiingereza."

Wasiokunywa hawajui jinsi meza ile inavyofanya kazi, na wanaokunywa hawaioni kwa kuwa wamo ndani. HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, imeingia, kila mtu ametoa mchango, na aliyetoa mchango hatakubali hela yake inywewe na wengine. Pana karata, ukichota mbaya unamaliza glasi. Pana kijana wa mwaka wa kwanza aliyekaribishwa kwa mara ya kwanza, na macho yote yako kwake. Pana mnazi uliogemwa asubuhi, mtamu kama soda, ambao kufika jioni umekwisha kuwa mkali bila kubadili rangi, na mtu ameuchanganya na pombe kali kutoka kwenye mzinga. Hakuna anayemlazimisha mwenzake. Ni kelele tu, na simu zinazorekodi.

Kuhusu nguvu ya meza, mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alitengeneza maabara iliyopambwa kama baa kabisa. Wanafunzi waliambiwa wanakunywa vodka na toniki. Kwenye glasi za baadhi yao hamkuwa na kileo. Wakachangamka, wakacheka ovyo, wakaanza kutongozana. Walileweshwa na matarajio na marafiki. Wanafunzi wale walidanganywa, japo waliambiwa ukweli baadaye, na mtu niliyesoma fomu kwa miaka bado najikuna kichwa kila nikiufikiria uongo ule mbele ya sharti la kwanza. Lakini matokeo yanatufaa hapa. Ikiwa sehemu kubwa ya ulevi inatoka kwa walioizunguka meza, hilo neno "mwenyewe" linabeba mzigo usio wake.

Kisha mwili. Ini la mtu mzima huondoa takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, halina haraka, na halisukumwi na kahawa wala maji ya baridi kichwani. Kilicho tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kulala, kwa hiyo aliyezima saa nane anaweza kuwa katika hatari zaidi saa tisa. Pombe kali hufifisha uwezo wa kujikinga na matapishi. Mtu akilazwa chali anaweza kutapika na kusongwa bila hata kuamka. Sukari inaweza kushuka. Mishipa ya ngozini hupanuka, mtu anahisi joto huku mwili unalipoteza, jambo ambalo hata hapa kwetu lina maana ukimwacha mtu sakafuni penye vigae, feni inazunguka, nguo zimelowa. Na hapo wenzake wanasema, "mwache alale, zitamtoka."

Nisikilizwe vizuri. Kijana wetu aliniuliza kwa hasira kama namfananisha yeye na Rascher. Hapana. Kuweka wauaji na watoto wa sherehe kwenye mizani moja ni kuwatukana waliouawa. Pale Casuarina hakuna anayetaka mabaya ya mtu, wote wanapendana. Ndiyo maana hakuna wa kushtakiwa, na ndiyo maana hakuna aliyepewa kazi ya kusema basi.

Mangwe, yaani kilabu cha mnazi, walau lina mwenyewe. Mama muuza mnazi ninayemjua, upande wa barabara ya Tana, anakujua wewe ni wa nani. Ukizidi anakunyang'anya chombo, anamtuma mtoto akakuite ndugu. Sisemi mangwe ni peponi, nimeona watu wakipigana chupa humo. Lakini pana mtu mmoja asiyelewa ambaye biashara yake kesho inategemea wewe kufika nyumbani leo. Hata sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamkataza muuzaji kumuuzia mtu aliyekwisha kulewa. Nyumba ya kukodi haina muuzaji. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza umri wa kunywa utoke 18 hadi 21. Sawa, lakini wanafunzi wengi wa mwaka wa tatu wamekwisha kuuvuka, na meza ni ileile.

Na sisi wa Malindi tulipaswa kuwa wa mwisho kulitumia swali hili. Mwaka 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa ilipoanza kufukuliwa msitu wa Shakahola, hatimaye zaidi ya 400, mingi ya watoto, nilisikia watu wazima sokoni wakisema, "Si walienda wenyewe kufunga?" Watoto nao walienda wenyewe?

Kijana wetu aliiandika upya insha. Hakumaliza kwa kusema takwimu za Dachau zitumike au zitupwe. Aliandika kwamba anayezitaja lazima ataje pia, kwenye ukurasa uleule, zilivyopatikana na kwa nani, na kwamba swali la kwanza kwa jaribio lolote ni nani mwenye uwezo wa kulisimamisha. Mwalimu wake aliandika pembeni kwamba ametoka nje ya mada. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza aliingia.

Mkesha wa mwaka mpya walikodi nyumba tena. Niliwaandikia kwenye simu mambo machache, naye akayatuma kwenye kundi lao. Aliyezima alazwe ubavu, goti la juu likunjwe, asiachwe peke yake. Ahesabiwe pumzi; zikiwa chini ya nane kwa dakika, au zikikatika kwa sekunde kumi, au ngozi ikiwa baridi na midomo imebadilika rangi, au asiamke akifinywa, asisubiriwe asubuhi, aitiwe tuktuk hapohapo. Asitapishwe kwa nguvu. Asipewe kahawa. Na hospitalini waseme ukweli alikunywa nini, hasa kama ni pombe ya kienyeji isiyojulikana ilikotoka, kwa kuwa methanoli, pombe yenye sumu, ina matibabu yake na muda ni mfupi.

Juu ya hayo wakaongeza lao wenyewe: kila sherehe mmoja hanywi, kwa zamu, na akisema fulani basi, ni basi, hakuna kura. Wa kwanza alikuwa msichana wa uuguzi asiyekunywa kabisa. Wenzake walitaka afanye kila mara, akakataa, akasema zamu ni zamu. Bado wanabishana kama asiyekunywa naye atoe mchango. Wengine wanasema atoe nusu. Yeye anasema asitoe kitu, na soda zake walipe wao.